Kisu cha baba mkubwa chapata ala, naye arudi shambani

Dodoma. Damu ilionekana kwanza kwenye kreti la zabibu, si kwenye kidole.

Ilikuwa Agosti mwaka jana, siku ya pili ya mavuno katika shamba la familia yetu kule Hombolo. Mama mkubwa alikuwa akipanga vichala vya zabibu nyeupe alipoona matone mekundu juu ya matunda. Akauliza nani amejikata. Wavunaji sita tulitazama mikono yetu. Baba mkubwa alikuwa wa mwisho kutazama wake, na alipouona alishangaa kana kwamba anaangalia mkono wa mtu mwingine. Kidole cha shahada kilikuwa kimechanika kutoka ncha hadi kiungo cha kwanza.

"Wala hakiumi," alisema.

Maneno hayo mawili yalinitisha kuliko damu yenyewe. Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki za kisukari mara nyingi kiasi cha kujua kwamba mgonjwa anayelia kwa maumivu si yule wa kuogopewa zaidi. Wa kuogopewa ni yule aliyejikata na hana habari.

Baba mkubwa, ambaye hataki jina lake gazetini, ana miaka 64 na anaishi na kisukari kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Nyumba yake iko Ipagala, aliijenga wakati sehemu kubwa ya eneo hilo ikiwa bado mashamba, kabla ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma na viwanja kuanza kugombaniwa. Majirani zake leo ni watumishi wa wizara. Yeye bado ni mkulima, na kila msimu hupanda gari hadi Hombolo kwenye mizabibu yake.

Kisu kilichojifungua mfukoni

Kisu chenyewe ni cha kukunja, mpini wake wa mbao, na kikifungwa kina urefu wa sentimita 11. Alikinunua mnadani mwaka 1994 kwa fedha za zabibu. Tangu hapo kimeishi kwenye mfuko wa kulia wa suruali, pamoja na funguo, sarafu na miaka ya karibuni simu.

Zabibu haivutwi, hukatwa. Ukikivuta kichala unaponda matunda na unalichubua tawi. Hukatwa kwenye kikonyo, kimoja kimoja, kwa mkasi au kisu, na shamba la ekari moja lina vichala ambavyo sijawahi kujaribu kuvihesabu. Kwa hiyo mkono wa mvunaji huingia na kutoka mfukoni siku nzima.

Springi ya kisu kile ilikuwa imelegea. Siku ile kilijifungua kidogo mfukoni, labda alipoinama, ubapa ukachomoza upana wa kidole. Baba mkubwa akatia mkono, akapapasa, akakitoa, akaendelea kukata zabibu. Kwa makadirio yetu alifanya kazi robo saa nzima damu ikidondoka.

Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu pamoja na mishipa midogo ya damu. Ganzi huanza miguuni, ndiyo maana wahudumu wa kliniki hawachoki kuuliza habari za viatu. Kwa baadhi ya wagonjwa, miaka ikizidi, hufika vidole vya mikono. Hapo mtu hupata hasara mara mbili: kidole hakimwambii kwamba kimekatwa, na kikishakatwa hakiponi haraka, kwa kuwa damu inakifikia kwa shida na vijidudu hupata nafasi. Kidole kile kilichukua wiki tisa kufunga.

Niseme pia tulivyokosea, maana yanafanyika katika nyumba nyingi. Mvunaji mmoja alikimbilia majivu. Mwingine akashauri dawa ya meno. Mama mkubwa, mungu amsamehe, alitaka mafuta ya taa. Jeraha linalotoka damu hubanwa kwa kitambaa safi kwa dakika kumi bila kufunua kuchungulia, mkono ukiwa umeinuliwa. Damu ikitulia, huoshwa kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, hufunikwa, kisha mgonjwa anakwenda kituo cha afya. Majivu, udongo na mafuta ya taa havina kazi pale.

Kituoni waliuliza swali ambalo lilitunyamazisha wote: mara ya mwisho kuchomwa sindano ya pepopunda ilikuwa lini? Mama mkubwa alijua yake, alichomwa akiwa mjamzito. Wanaume wa rika la baba mkubwa hawana kadi ya namna hiyo, na hakuna anayewauliza hadi siku ya jeraha. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha mifugo, na sisi mizabibu yetu tunaiwekea samadi. Kwa jeraha chafu, kama imepita zaidi ya miaka mitano tangu chanjo ya mwisho, au mtu hakumbuki kabisa, anahitaji sindano. Alichomwa siku hiyohiyo.

Mzee barazani

Tuliporudi nyumbani, mama mkubwa alikificha kisu ndani ya ndoo ya unga. Hakuna aliyempinga. Watoto wao walioko Dar es Salaam walipiga simu na kuafiki: mzee asiguse kisu tena, shamba lisimamiwe na vijana.

Mavuno ya Februari yalipita bila yeye. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na huo ulikuwa msimu wa kwanza ambao hakukanyaga Hombolo tangu apande mche wa kwanza. Alikaa kwenye kiti barazani tangu chai ya asubuhi hadi magharibi. Hakulalamika, na kwa wanaomfahamu hiyo ilikuwa dalili mbaya. Kutembea mizabibuni ndiyo yalikuwa mazoezi yake, na hatukumpa mengine badala yake. Vipimo vya sukari vya Machi vilikuwa vibaya kuliko vya Desemba.

Nilimsindikiza kliniki mwezi huo. Nilimweleza muuguzi kisa kizima nikitarajia atuunge mkono kuhusu kisu. Alisikiliza, akauliza, "Mzee, kilikukata ukiwa unakitumia au ukiwa unakitafuta?"

Baba mkubwa alifikiri kidogo. "Nikiwa nakitafuta, mwanangu."

"Na ukiwa unakitumia kimeshakukata?"

"Miaka thelathini, hakijanikata."

Muuguzi alinigeukia. Alieleza kwamba mtu anapokata kitu, macho yake yanalinda vidole. Mfukoni hakuna macho, ni vidole tu vinavyotazama, na vya mzee havioni tena. Tatizo lilikuwa mfuko. Alituachia masharti mengine pia: springi itengenezwe, mkono wa kushoto unaoshika kichala uvae glovu, na kila jioni mtu mwenye macho mazuri aikague mikono na miguu yake.

Nitakiri kwamba mimi mwenyewe, baada ya kuandika makala chungu nzima kuhusu kisukari, sikuwa nimewaza kuuliza swali hilo.

Mkasi tulikuwa tumeshaujaribu. Kwa mvunaji wa kawaida mkasi wa kupogolea ni bora kuliko kisu, na sitaki msomaji aelewe vingine. Lakini mkono wa baba mkubwa haushiki kwa nguvu kama zamani na springi ya mkasi ilimchosha kabla ya saa nne asubuhi. Tena kisu chake kinakata kamba za katani, kinafungua viroba na kumenya embe.

Kwa fundi viatu

Ipagala, jirani na barabara iendayo Dar es Salaam, kuna fundi viatu ambaye pia hutengeneza mikanda. Wauza nyama choma humletea visu vyao awashonee ala. Tulimwendea Jumatatu moja ya Aprili.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Nimekuletea mgonjwa," baba mkubwa alisema, akaweka kisu mezani, kikiwa bado na unga kwenye bawaba.

Fundi alianza na springi, akaigonga na kuikaza hadi kisu kikawa hakifunguki kwa kutikiswa. Ndipo tukamweleza ala tunayoitaka. Ikae kiunoni, kisu kichomolewe kwa mkono mmoja na kwa mara moja, bila kifuniko wala kifungo, kwa sababu vidole vyenye ganzi vinahangaika na kifungo. Na wakati huohuo mzee akiinama kisidondoke. Kuchomoa haraka hapa si mambo ya sinema. Haraka maana yake ni kutopapasa.

Jambo la kwanza lilikuwa ngozi. Fundi alitoa vipande viwili vya ng'ombe. Kimoja laini, chepesi, kimesindikwa kiwandani kwa chumvi za kromiamu, kama ngozi nyingi za viatu. Kingine kigumu, rangi ya chai, kimesindikwa kwa magome ya miti. Akakata vijipande akavitia maji. Kile cha magome kiliponyauka na kukaushwa kilibaki na umbo alilokibana nalo. Cha kromiamu kilirudi kulegea kama kitambaa. Ala isiyo na kifuniko hushika kisu kwa umbo lake tu, kwa hiyo uchaguzi ulikuwa umekwisha. Unene aliochukua ni kama milimita tatu. Aliyezoea kununua mikanda ajue kwamba vingi vinavyoitwa ngozi ni plastiki yenye kitambaa nyuma. Tone la maji huingia kwenye ngozi ya magome na kuacha doa jeusi, kwenye plastiki linateleza.

Alikunja kipande cha boksi kukizunguka kisu, akachora, akaacha ukingo wa karibu sentimita moja na nusu upande wa mshono. Alikata kielelezo hicho mara mbili kabla ya kugusa ngozi. "Boksi ni bure," alisema.

Mpangilio wa kisu ndani ulinifurahisha. Upande ambao ubapa unafungukia aliuelekeza kwenye mkunjo wa ngozi, si kwenye mshono. Springi ikija kulegea tena, makali yatakutana na ngozi nzima na siyo uzi, na mkunjo wenyewe utauzuia ubapa usitoke. Juu, theluthi moja ya mpini ilibaki nje, na pande zote mbili alikata nafasi ya mviringo kama nusu mwezi. Kidole gumba kinaingia nafasi moja, cha shahada nyingine, vinakutana kwenye mbao. Mtu asiyehisi vizuri kwa ncha za vidole bado anahisi kwa kiganja na kwa kifundo, na nafasi zile zinamwongoza mahali pa kushika bila kubahatisha.

Kitanzi cha mkanda alikishona kwanza, ngozi ikiwa bado bapa, maana ala ikishafungwa sindano haifiki ndani. Alikiinamisha kidogo ili mpini uelekee mbele, mkono uufikie bila kiwiko kupanda juu. Baba mkubwa alijaribu mara tano kwa ile ya boksi, akaomba iinamishwe zaidi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Agosti kumsikia akitaka kitu.

Gundi ya viatu alipaka nje, chini ya mti. Nilimuuliza kwa nini, akasema zamani alikuwa akifanyia ndani ya kibanda na jioni kichwa kilimuuma kila siku. Zile ni kemikali za kuyeyushia gundi, huingia kwa pumzi hadi kwenye ubongo, na ndizo hizohizo zinazowaharibu watoto wa mitaani wanaovuta chupa. Wenye kujaribu kazi hii nyumbani wasifanyie chumbani, wala wasiache kopo wazi mbele ya watoto.

Kisha mshono. Alitoboa matundu kwa msharasi, kila moja likiwa milimita tano kutoka kwa jingine, akachukua uzi mmoja wenye sindano mbili, urefu wake mara nne ya mshono, akausugua kwenye nta ya nyuki. Sindano zote mbili zinapita tundu lilelile, moja ikienda, nyingine ikirudi. Cherehani hufunga nyuzi mbili zinazoshikana katikati, moja ikikatika jirani zake hulegea. Huu wa mkono ukikatika mahali pamoja, nusu ya pili ya uzi inaendelea kushika. Mshono wa sentimita 14 ulimchukua karibu saa nzima, na wateja wawili wa viatu waliondoka kwa hasira.

Ala ilipokamilika aliiloweka kwenye maji ya vuguvugu hadi mapovu yakaisha kutoka. Kisu kinaingizwa kwenye ngozi ikiwa mbichi, kwa hiyo lazima kifungwe kisipate kutu. Mifuko ya plastiki ya kubebea mizigo imepigwa marufuku tangu Juni mosi mwaka 2019, tukatafuta pale kibandani, tukaishia kukivisha karatasi ya nailoni iliyofungiwa mkate wetu wa asubuhi. Akakisukuma ndani, akaanza kubana kwa vidole gumba na ncha ya mpini wa nyundo, akifuata kila kona, hadi bawaba na mbao vikaonekana kwa nje kama mifupa chini ya ngozi ya mtu. Ikakauka kivulini siku moja na usiku. Juani, alisema, ingepasuka, na jua la Dodoma halina huruma.

Kesho yake alisugua kingo kwa msasa, kisha kwa kitambaa chenye maji hadi zikang'aa, akapaka nta nje. Chini aliacha tundu dogo la kutoa maji na mchanga. Jaribio la mwisho lilikuwa kuigeuza ala juu chini na kuitikisa kwa nguvu. Kisu hakikutoka. Akampa baba mkubwa, naye akakichomoa kwa mara moja, kimefungwa, mpini ukiwa umekaa kiganjani.

Bei ilikuwa shilingi 20,000. Baba mkubwa alisema hajawahi kulipa fedha hizo kwa kitu kidogo kiasi hicho, kisha akasimulia tulipokuwa tukirudi jinsi babu alivyolalia ngozi ya ng'ombe na jinsi kila kitu Ugogo kilivyofungwa kwa kamba za ngozi. Alisimulia pia ala za sime za Wamasai aliozoea kuwaona mnadani, mbao mbili nyembamba zilizovikwa ngozi nyekundu. Kwa mtu aliyekuwa kimya miezi minane, ilikuwa hotuba.

Sheria za nyumbani

Mama mkubwa alikubali kwa masharti yake. Ala ni ya shambani, haivaliwi mjini. Mlinzi wa benki hatasikiliza habari za kisukari. Kisu hakilali ndani ya ala. Hili ni sharti la afya na la kisu pia, kwa kuwa ngozi hutunza unyevu, na maji ya zabibu yana asidi na sukari, ukiyaacha usiku kucha ubapa unaota kutu. Kisu huoshwa, hukaushwa, kinawekwa kwenye kopo la bati juu ya kabati ambako wajukuu hawafiki. Ala peke yake ndiyo inayoning'inia kwenye msumari mlangoni, na wajukuu wanaruhusiwa kuichezea.

Springi inakaguliwa na fundi kila kabla ya mavuno. Glovu ya kushoto aliikataa wiki ya kwanza, akidai inamfanya aonekane kama daktari, hadi mama mkubwa alipovaa pea yake.

Mavuno ya Agosti hii yamemchukua siku kumi na moja. Sitasema mzee amepona. Ganzi haijapungua, na vipimo vyake vimeshuka kidogo tu, siyo kufika pale daktari anapotaka. Siku ya nne nilimkuta na mkwaruzo kwenye kifundo, wa waya wa kushikilia mizabibu. Hakuwa ameuhisi. Tuliuosha, tukaufunika, akarudi kwenye mstari wake.

Jioni ile nilibaki Ipagala. Baada ya kula, mama mkubwa alileta tochi ya simu na miwani yake, akavuta kiti. Baba mkubwa akamnyooshea mikono kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni. Alianza na gumba la kulia, akageuza, akaangalia katikati ya vidole, akaenda cha pili, chenye kovu, akakibonyeza.

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa je?"

"Endelea, mama, usiku unaingia. Na miguu bado."